Majibu Yasiyo Ndiyo Wala Hapana: Kipimo cha Kirusi na Mlango wa Kizazi

KABULA: Mwangaluka, wasikilizaji. Huo muungurumo mnaousikia ni injini za mitumbwi. Leo tumehamia karibu na soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, maana Mama Minza kasema hatoki nyumbani kwa ajili ya maongezi peke yake, lazima arudi na dagaa. Shikamoo, mama.

MAMA MINZA: Marahaba, mwanangu. Dagaa nimeshanunua, kwa hiyo sina haraka.

KABULA: Kwa mnaotusikiliza mara ya kwanza, mwenzangu ni muuguzi mstaafu, miaka mingi kliniki ya akina mama. Leo nimemletea karatasi yangu mwenyewe. Mwaka juzi nilipima mlango wa kizazi, ile ya kukwanguliwa seli, pap smia. Hospitali siitaji. Majibu yakaja mstari mmoja: seli zimebadilika, maana yake haijabainika. Nikauliza, nina kansa? Dada aliyenipa majibu akasema, "Hapana, ila rudi baada ya mwaka." Akamwita mtu mwingine. Mama, mimi nilikaa wiki mbili usingizi hauji.

MAMA MINZA: Hapo walikukosea, ila kosa halikuwa kwenye kipimo, lilikuwa mdomoni. Hayo majibu maabara wanayaita kwa herufi zake, ASC-US. Anayetazama kwenye hadubini ameona kiini cha seli kimekuwa kikubwa kidogo, umbo halijakaa sawa. Hakitoshi kuita dalili ya awali ya kansa, na akiandika "salama" roho itamsuta. Kwa hiyo anaandika kwamba hajui. Mimi namheshimu mtu wa hivyo.

KABULA: Mheshimu, lakini kaniacha njia panda!

MAMA MINZA: (anacheka) Ndiyo. Maana kinachovuruga seli ni vingi. Maambukizi ya kawaida, ukavu wa mama aliyekoma hedhi, hata sampuli iliyokauka kwenye kioo kabla haijatiwa dawa. Wengi wenye karatasi kama yako hawana jambo kubwa. Wachache wanalo kweli. Kazi ni kuwajua wale wachache bila kuwasumbua wote.

KABULA: Zamani mlikuwa mnafanyaje?

MAMA MINZA: Ama unarudia pap smia kila baada ya miezi kadhaa hadi ieleweke, ama unampeleka kila mtu kolposkopi. Hiyo ni kuangalia mlango wa kizazi kwa chombo kinachokuza, na daktari akitilia shaka mahali anachukua kinyama kidogo kikapimwe. Sasa mfikirie mama wa kisiwa cha Ukara. Avuke mpaka Bugorora, ashike gari hadi Nansio, apande meli kuja Mwanza, halafu akipanda kilima cha hospitali ya Bugando aambiwe foleni ya mwezi ujao. Na kumbe hana kitu.

KABULA: Harudi huyo.

MAMA MINZA: Harudi. Ndipo kirusi kinapoingia. Karibu kansa zote za mlango wa kizazi zinaletwa na kirusi kimoja, HPV. Kina aina zaidi ya 200, lakini za hatari ni kama 14 hivi, na mbili kati ya hizo, ya 16 na ya 18, zinabeba kansa saba katika kila kumi. Aliyeonyesha uhusiano huo, Mjerumani Harald zur Hausen, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2008. Sasa fikiri mwenyewe: kama seli zinakataa kusema, si umuulize kirusi? Kama kirusi hakipo, kile kilichovuruga seli karibu hakika si kansa.

KABULA: Hiyo imethibitishwa, au ni hekima tu?

MAMA MINZA: Imethibitishwa. Marekani taasisi yao ya taifa ya saratani ilifanya utafiti mkubwa miaka ya mwisho ya 1990, majibu yakatoka 2001. Wanawake karibu 3,500 walikuwa na karatasi kama yako. Kipimo cha kirusi kiliwanasa asilimia 96 ya wale waliokuwa na mabadiliko makubwa, na waliohitaji kupelekwa kolposkopi walikuwa asilimia 56. Hao wengine wangebaki nyumbani kwao, na usingizi wao.

KABULA: Asilimia 56 bado ni wengi, mama.

MAMA MINZA: Ni wengi, sikatai. Lakini kuna uzuri mwingine. Sampuli ikihifadhiwa kwenye kimiminika, ile ile iliyobaki chupani inapimwa kirusi. Mama haitwi tena.

KABULA: Mimi niliitwa. Nilihamia hospitali nyingine, wakaniambia ya kwanza ilipakwa kwenye kioo, hakuna kilichobaki. Nikapanda kitandani mara ya pili, kile chuma cha kufungulia uke tena.

MAMA MINZA: Pole. Kile chuma wangekipasha hata maji ya moto.

KABULA: Semeni nao! Sasa kama kipimo ni kizuri hivi, kwa nini asipimwe kila mwenye majibu mabaya?

MAMA MINZA: Hapo ndipo watu huteleza. Utafiti ule ule uliwaangalia pia wanawake ambao seli zao zilionyesha wazi mabadiliko madogo. Hao zaidi ya asilimia 80 walikuwa na kirusi. Sasa umechambua nini? Ni kama chekeche la dagaa lenye matundu makubwa, unamwaga juu, vyote vinapita, mchanga na dagaa. Na wasichana wa chini ya miaka 25 vivyo hivyo. Wengi wanacho, na kwa wengi kinaondoka chenyewe. Ukiwapima unawapa hofu bure.

KABULA: Hofu. Tuzungumzie hilo, maana mimi nilimpigia dada yangu Sengerema nikamwambia, "Wamenipima, wamenikuta na virusi." Simu ikawa kimya. Halafu nikasikia analia.

MAMA MINZA: Unaona? Huku kwetu neno "virusi" lina maana moja tu. Ukisema fulani ana virusi, mtaa mzima umeshaelewa, na haohao watakwambia dawa zinachukuliwa wapi. Ningekuwa na mamlaka, kila muuguzi angeanza hivi: "Hiki si kirusi cha UKIMWI, na hatukipimi kwenye damu." Kabla hajataja hata hizo herufi tatu. Maana HPV na HIV zikisomwa haraka na mtu aliyeshtuka, ni kitu kimoja.

KABULA: Lakini havihusiani kabisa?

MAMA MINZA: Vinakutana. Mwanamke anayeishi na VVU hatari yake ya kansa hii ni kama mara sita ya mwenzake, kwa sababu kinga yake inashindwa kukifukuza HPV. Shirika la Afya Duniani linataka huyo aanze kupimwa akiwa na miaka 25 na arudie kila miaka 3 hadi 5. Wengine waanze miaka 30, warudie kila miaka 5 hadi 10.

KABULA: Kuna ujumbe wa msikilizaji wa Igoma. Anasema kirusi kimeonekana, mumewe kamwambia, "Umekitoa wapi?" Karudi kwao.

MAMA MINZA: Ee Mungu wangu. Baba wa Igoma, kama unasikia: kirusi hiki kinaweza kulala mwilini miaka, kikaamka wakati wowote. Hakiandiki tarehe, hakiandiki jina. Watu wengi waliowahi kujamiiana wamewahi kukipata, wewe ukiwemo, tofauti ni kwamba wewe hakuna aliyekupima. Nenda ukamchukue mkeo, na usiende mikono mitupu.

KABULA: (anacheka) Mama! Haya. Na kukutwa nacho si kansa.

MAMA MINZA: Si kansa. Tisa kati ya kumi mwili unakiondoa ndani ya miaka miwili. Kikikaa, kwa mwenye kinga nzuri kansa inachukua miaka 15 hadi 20 kujengeka. Huo muda ndio tunaoutafuta, tukukute wakati bado ni kidonda cha kuchoma kwa dakika chache, ukaenda nyumbani siku hiyohiyo.

KABULA: Lakini kusema kweli, mama, wengi hapa Mwanza hawapimwi pap smia. Wanapakwa siki.

MAMA MINZA: Siki, ndiyo. Unapaka kwenye mlango wa kizazi, unasubiri dakika, unatafuta baka jeupe, ishara ya seli zilizobadilika. Ni rahisi, na nimeifanya kwa mikono hii. Lakini nayo ina majibu yake ya katikati, tena hayaandikwi, yanabaki kwenye macho ya muuguzi. Uvimbe wa maambukizi unaleta weupe. Na kuna kichocho. Si hiki cha ufukweni kinachoshika utumbo, nasema kile cha mkojo, cha malambo na majaruba ya mpunga kule bara. Mayai yake yanakwama kwenye mlango wa kizazi, yanaacha mabaka kama chembe za mchanga, mama anatokwa damu baada ya tendo. Muuguzi asiyejua anaona kansa. Kumbe wa kutibiwa kwa prazikwanteli.

KABULA: Sasa kipimo cha kirusi kinasaidia hapo?

MAMA MINZA: Sana. Ndiyo maana tangu 2021 Shirika la Afya Duniani limegeuza mpangilio: anza na kirusi, kisha walio nacho ndio uwaangalie kwa siki au kwa seli. Na mashine si ngeni. GeneXpert, ile ya makohozi ya kifua kikuu, inapima HPV pia, kama saa moja majibu yametoka. Mama anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe kwa kijiti cha pamba, nyuma ya pazia, bila kile chuma chako. Tatizo ni vile vikasha vya kupimia, vina bei yake, na mashine yenyewe ina foleni ya kifua kikuu.

KABULA: Na mabinti wa chanjo ya kirusi hiki? Haraka, muda unakimbia.

MAMA MINZA: Ilianza nchi nzima 2018 kwa wa miaka 14. Sasa ni dozi moja, miaka 9 hadi 14. Na aliyechanjwa bado atapimwa akikua, maana chanjo haishiki aina zote.

KABULA: Watu wameuliza yangu iliishaje. Kirusi kilikuwepo, si 16 wala 18. Nikaenda kolposkopi, wakachukua kinyama. Kubanwa kidogo, damu siku mbili. Mabadiliko madogo, hakuna cha kuchoma, nirudi baada ya mwaka.

MAMA MINZA: Mwaka uleule wa dada wa kwanza.

KABULA: Uleule! Ila safari hii najua ninarudia nini. Tarehe yangu ni mwezi wa pili.

MAMA MINZA: Jumanne au Jumatano?

KABULA: Jumatano.

MAMA MINZA: Basi nitakusindikiza. Jumanne nina kikoba.