Mvua Ikianza Tena: Baada ya Tope la Hanang

REHEMA: Karibuni tena. Leo tuko wawili kama kawaida, na Baraka kaja amelowa chapachapa.

BARAKA: Daladala imeniacha mbali, dada. Ila njiani nilikuwa nawaza Katesh, ule mji wa chini ya Mlima Hanang, mkoani Manyara, Tanzania. Desemba 3, 2023, Jumapili, tope, mawe na magogo yakaporomoka kutoka Mlima Hanang. Zaidi ya watu 80 walikufa. Waliopona wakapata hifadhi, magodoro, unga, blanketi. Sawa. Sasa mawingu yakikusanyika tena mwakani, huyo aliyepona unampa nini?

REHEMA: Hapo ndipo maafisa ustawi wa jamii wanapohitajika. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani na wenzake walitoa mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia: angalia, sikiliza, unganisha. Hakuna “mfanye asimulie yote”. Kumkalisha mtu siku hizohizo umkamue kila alichokiona, wanasema tusifanye.

BARAKA: Kumbe! Sisi tukifika tu: “Pole, ilikuwaje?” Mtu anasimulia mara kumi hata chai hajanywa.

REHEMA: Kwetu maji yaliwahi kuingia ndani, nikiwa darasa la sita. Wageni walimuuliza mama hivyohivyo. Anaitikia, “Tunamshukuru Mungu,” macho yako ukutani, pale maji yalipoacha mstari. Akaja jirani, hakuuliza kitu. Akageuza ndoo, akaikalia, akavuta sufuria zetu zenye tope akaanza kuzisugua kwa mchanga. Mama akachuchumaa pembeni yake. Kwenye sufuria ya tatu nikamsikia mama analia.

BARAKA: Na jirani?

REHEMA: Akaendelea kusugua.

BARAKA: Na hajawahi kukaa semina hata moja.

REHEMA: Hata moja! Kwa hiyo mimi huwa naumia nikiona kambi ambayo watu wazima kazi yao ni kupanga foleni na sahani. Mwanamke aliyezoea kulisha watu tisa unamkalisha kwenye benchi siku nzima? Mpe mwiko. Msibani kwetu nani anakaa bure? Huyu kuni, huyu maji, huyu anaandika michango, na maneno yanatoka hapohapo.

BARAKA: Lakini dada, wapo ambao sufuria haziwatoshi.

REHEMA: Wapo. Halali usingizi wiki kadhaa, hali chakula, anasema heri angeenda na maji. Huyo usimwachie jirani, mpeleke kwa mtaalamu. Ndiyo maana ya “unganisha”. Na kuunganisha ni pamoja na kumsaidia kupata simu ampigie nduguye, au kitambulisho kilichosombwa.

BARAKA: Na watoto? Wingu likitanda tu, mtoto anajificha uvunguni.

REHEMA: Usimwambie “usiogope”, si ameona? Mfundishe njia. Filimbi ikilia, tunapanda kule, wewe unamshika bibi mkono. Ipitieni pamoja jua likiwaka, mara mbili, mara tatu. Ataendelea kuogopa, ila miguu itakuwa na pa kwenda.

BARAKA: Na bibi naye ajue ameshikwa na nani.

REHEMA: Haswa. Hebu funga hilo dirisha kwanza, mvua inalowesha nyaya.