Tatizo Linamfuata Nani?

(Mhadhara kwa wanafunzi wa ufundi wa kompyuta, Iringa)

Walimu, habari za asubuhi. Vijana, asanteni kwa kufika mapema na baridi hii. Nimeombwa nizungumzie kompyuta za mezani zenye matatizo yasiyoeleweka, na nitaanza na mashine ya mama mmoja mwenye steshenari hapa mjini, kwa sababu mashine ile ilibadilisha namna yangu ya kufanya kazi.

Kila asubuhi mama akibonyeza kitufe, taa inawaka, feni zinazunguka, skrini giza. Anazima, anawasha tena. Mara ya tano au ya sita inakubali, na ikishakubali inapiga kazi mpaka jioni bila shida. Kabla yangu walipita mafundi wawili. Wa kwanza alipiga Window, yaani aliufuta mfumo wa Windows akauweka upya. Wa pili naye akapiga Window, na safari hiyo hakuuliza kama kuna kitu cha kuhifadhi. Barua za wateja, risala za harusi, hesabu za madeni za miaka minne, vyote vikaenda. Mama alinifungulia folda moja baada ya nyingine akinionyesha kuwa hamna kitu. Nilikasirika siku ile, na nikisimulia hapa bado nakasirika.

Hebu fikirini. Skrini ni giza, hata nembo ya kiwanda haijatokea. Maana yake mashine haijafika mahali pa kuisoma Window kwenye hadidiski. Sasa Window imekosa nini mpaka ifutwe?

Nilimwamkia, nikamuuliza: "Mama, inakusumbua saa ngapi?" Akasema, "Asubuhi tu, mwanangu. Na mwezi wa sita na wa saba ndiyo inazidi." Hapo alikuwa ameshanipa jibu, kama ningekuwa na masikio ya kulisikia. Nilipofungua lile boksi ambalo wateja wanaliita sipiyu, nikamulika tochi kando ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, nikaona kapasita nne, vile vikopo vidogo vya kutuliza umeme, zimevimba vichwa. Kapasita nzima kichwa chake ni bapa, unaweza kulaza kucha juu yake. Hizi zilikuwa zimeinuka kama andazi, na moja ilikuwa imetoa uchafu wa kahawia kwenye ile alama ya msalaba juu.

Kapasita za namna ile zina majimaji ndani. Zikizeeka majimaji yanakauka, ukinzani wake wa ndani unapanda, na baridi inaupandisha zaidi. Umeme unaoingia kwenye prosesa unakuwa wa mawimbi, prosesa inashindwa kuanza. Ukiwasha na kuzima mara kadhaa, zinapata joto, ukinzani unashuka, mashine inaamka. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi katikati ya miaka ya 2000 viwanda vingi vilitumia kapasita zenye majimaji mabovu, na mazabodi, zile bodi kuu za kompyuta, zikafa kabla ya wakati wake duniani kote. Mashine za miaka ile ndizo nilizokuwa nazipokea sana. Nilichomoa zile nne, nikalehemu mpya za volti 6.3 na maikrofaradi 1500, kama zilivyokuwa zimeandikwa. Kesho yake asubuhi iliwaka kwa kubonyezwa mara moja.

Tangu hapo, kabla ya kushika kitu chochote, najiuliza: tatizo hili linamfuata nani? Linafuata baridi au joto? Linafuata kifaa au nafasi kilipochomekwa? Linafuata kompyuta, au linabaki ukutani?

Hilo la ukutani silisemi kwa mfano. Ofisi moja iliniita kwa kompyuta iliyokuwa inajiwasha upya yenyewe karibu kila siku, mara nyingi saa nne asubuhi. Walishabadilisha pawa saplai, kile kifaa cha ndani kinachoigawia kompyuta umeme. Nikaihamishia chumba cha pili, ikakaa siku tatu bila kosa. Nikaweka kompyuta nyingine pale mezani, nayo ikaanza kujiwasha upya. Basi ugonjwa haukuwa wa kompyuta. Saa nne ni saa ya chai, na birika la umeme lilichomekwa kwenye ekstensheni ileile. Birika la wati 2000 kwa volti 230 linavuta karibu ampea 9, na ekstensheni yenyewe ilikuwa na waya mwembamba. Birika likiwashwa, volti zinaporomoka, na pawa saplai inashindwa kushikilia. Dawa ilikuwa kulitafutia birika soketi yake.

Sasa njooni kwenye RAM, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta, maana hapa ndipo mafundi wengi tunapopotea. Mmewahi kuona Window inagoma kuingia? Mara ya kwanza inakwama asilimia 23, inakuambia faili fulani limeharibika. Unarudia, inapita pale, inakwama asilimia 61 na faili jingine. Fundi anaanza kulaumu flashi, anatafuta flashi nyingine, inagoma kwingine tena. Angalieni hapo. Kosa likikaa mahali pamoja, faili lilelile kila mara, shaka iangukie flashi au nakala ya Window uliyonayo. Kosa likihama-hama, shaka ya kwanza iangukie RAM, kwa sababu kila faili linapita humo kabla ya kuandikwa, na kila safari linaweza kukaa kwenye chumba kingine cha kumbukumbu. Kibovu kinaweza kuwa chumba kimoja tu kati ya mabilioni.

Weka Memtest86+, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, iwashie mashine kutoka hapo, uiache usiku kucha. Programu hiyo haihitaji Window kabisa, kwa hiyo ikionyesha kosa, Window imeshatoka kwenye orodha ya washukiwa. Kosa hata moja ni kosa. Kama kuna RAM mbili, toa moja ujaribu. Kisha hamishia ileile nafasi ya pili. Kosa likiifuata RAM, RAM ni mbovu. Likibaki kwenye nafasi, tazama nafasi yenyewe, au mazabodi. Na tafadhali, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, uandike kwenye karatasi. Ukichomoa RAM, ukapuliza vumbi, ukabadilisha kebo ya hadidiski, halafu mashine ikapona, hujui umetibu nini, na ikirudi wiki ijayo unaanza upya.

Kuna matatizo yanayovaa nguo za mwenzake. Mzee mmoja alikuja akiamini intaneti yake imekufa, na alishanunua modemu mpya. Kila tovuti ya benki au ya serikali ilikuwa inamwambia si salama. Mimi nikatazama kona ya chini ya skrini: saa ilisoma mwaka 2009. Vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kwa kompyuta inayodhani ni 2009, vyeti vyote vya leo bado havijaanza kutumika. Kilichokufa kilikuwa betri ya CR2032, ile ya mviringo ya volti 3 kwenye mazabodi, inayotunza saa umeme ukiwa umezimwa.

Na kuna kinyume chake. Sauti imepotea, mteja anataka spika mpya. Washa mashine kwa Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, kutoka kwenye flashi, bila kugusa hadidiski. Spika zikilia, vifaa ni vizima, rudi ukashughulike na draiva, ile programu inayokiendesha kifaa. Flashi moja ya Linux imewaokolea wateja wangu fedha nyingi za vipuri.

Neno kuhusu Event Viewer, lile daftari la Windows. Mkikuta Kernel-Power 41, msikimbilie kusema pawa saplai imekufa kwa sababu mmeona neno "Power". Namba hiyo inasema tu kwamba mashine iliwaka bila kuwa imezimwa vizuri kabla. Aliyechomoa waya, umeme uliokatika, prosesa iliyochemka, wote wanaandika 41. Pawa saplai ipimeni kwa mita ikiwa na mzigo: waya wa njano, ule wa volti 12, ukishuka chini ya volti 11.4 au ukipita 12.6, hapo mna kesi. Lakini yenyewe msiifungue. Ndani kuna kapasita inayotunza zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa waya.

Hadidiski msiichezee. Soma kwanza ripoti yake ya SMART, ile ripoti ya afya ambayo diski inajiandikia yenyewe. Namba C5 ikiwa inapanda, kuna sehemu za diski ambazo haziwezi kusomeka. Acha vipimo vyote, nakili mali ya mteja. Namba C7 ikipanda peke yake, mara nyingi ni kebo tu, na kebo ni bei ya soda. Nimewahi kuona hadidiski nzima ikitupwa kwa kosa la kebo.

Nimesema vya kutosha. Hapo mezani nimeleta sipiyu ambayo mwenyewe anasema inazima ikifanya kazi kama dakika ishirini, ukiiacha kidogo inawaka tena. Sijaifungua. Mwenyewe ndiye yule mzee aliyekaa nyuma, amekubali kutusaidia. Kaeni watatu watatu, mwandike maswali mtakayomuuliza, mmwamkie, mmuulize. Bisibisi ninazo mimi, nitazigawa mkishamaliza kumsikiliza.