Kitendawili cha Karatasi: Mhadhara juu ya Kadi za Salamu Zinazotengenezwa kwa Mkono

Ndugu walimu, akina mama wa vikundi, vijana wa shule na wageni wote mliofika alasiri hii, wakubwa zangu shikamooni, na wadogo zangu hamjambo. Ninashukuru kupewa nafasi ya kuzungumza hapa Tabora, mji ambao kadi zinazopita mikononi mwetu kwa wingi ni zile za michango ya harusi, zinazochapwa kwa mamia na kuachiwa mstari wa nukta ambapo jina la mchangiaji huandikwa kwa kalamu. Sina ugomvi na kadi hizo, kwa maana zinafanya kazi ziliyotumwa, nayo ni kukusanya fedha. Ninayotaka kuizungumzia ni kadi nyingine: ile inayotengenezwa moja moja kwa muhuri, wino na karatasi iliyokunjwa, ambayo anayeipokea hawezi kuimaliza kwa kuitazama tu, bali hana budi kuivuta, kuizungusha au kuifungua ndipo ujumbe utoke.

Wengi wanaoanza kazi hii huanzia dukani. Hununua riboni, vipande vya kumetameta na karatasi za rangi, kisha hukaa mezani wakijiuliza wavibandike wapi. Mimi nami nilianza hivyo, na kadi zangu za mwanzo zilikuwa na mapambo mengi kuliko maneno. Kilichonitoa huko ni kukumbuka jinsi bibi zetu walivyokuwa wakitega. Mtegaji husema "Kitendawili!", nasi hujibu "Tega!", na baina ya swali na jibu hupita kitambo ambamo akili ya msikilizaji inahangaika kwa furaha. Kadi ya kuvuta na kufungua imejengwa hivyohivyo. Uso wake wa nje ni swali, kitendo cha mkono ni kile kitambo cha kuhangaika, na kinachochomoza ni jibu. Pasipo swali, mkono huvuta bure, na kadi hugeuka kuwa mchezo wa mtoto unaochosha mara ya pili. Kwa hiyo ninaomba tuanze na maneno, kutoka hapo twende kwenye mwendo wa karatasi, na mihuri na wino vije baadaye.

Nitatoa mfano mmoja na kukaa nao kwa muda. Sote tunakijua kitendawili kisemacho "Nyumba yangu kuu haina mlango," na jibu lake ni yai. Tuseme jirani amejifungua, nawe unataka kumpelekea kadi ya pongezi. Kwenye uso wa kadi unapiga muhuri wa yai kubwa, na chini yake unaandika maneno ya kitendawili bila kuandika jibu. Katikati ya yai unakata mpasuo wa kulala wenye upana wa sentimita 3.2. Nyuma ya uso huo unapitisha utepe wa karatasi ngumu wenye upana wa sentimita 3, na kwenye ncha yake ya juu unapiga muhuri wa kifaranga na kukikata kwa kuzifuata kingo zake, ukiacha kishungi chake kichungulie nje ya mpasuo. Anayepokea atakishika kishungi na kuvuta juu. Kifaranga kitatoka, na chini yake kwenye utepe litafuata jina la mtoto na siku aliyozaliwa. Ncha ya chini ya utepe unaiwekea kipande cha kulala chenye upana wa sentimita 5, ambacho hakiwezi kupita kwenye mpasuo, ili utepe usichomoke na kubaki mkononi mwa mtu.

Wengine hupenda kuukata mpasuo wenyewe kwa meno ili ufanane na ganda lililopasuka. Nilijaribu, na meno yale yalikuwa yakiukwaruza utepe na kuushika kila ulipovutwa. Afadhali kukata mpasuo ulionyooka kwa wembe na rula ya chuma, kisha kuchora meno ya ganda kwa wino juu yake. Halafu uso huu ubandikwe juu ya kadi kwa vipande vya karatasi nene pembezoni, vyenye unene wa kama milimita 2, ili utepe upate nafasi ya kupumua, na gundi isivuke kamwe kuingia kwenye njia yake. Tone moja la gundi nyeupe ya mbao lililopotea njia linatosha kuua kadi nzima.

Upande wa karatasi, manila tunayoitumia kwa zana za kufundishia inafaa sana, ilimradi isiwe nyepesi mno. Karatasi ya kawaida ya fotokopi huwa na gramu 80 kwa mita ya mraba, nayo hujikunja inapopata unyevu wa wino. Mwili wa kadi unataka gramu 200 na kuendelea. Ukikunja karatasi ya A5 katikati unapata kadi ya A6, yaani milimita 105 kwa 148, inayoingia vizuri katika bahasha ya milimita 114 kwa 162. Kabla ya kukunja, ipinde karatasi kidogo kwa urefu na kisha kwa upana, bila kuivunja. Upande utakaopindika kwa urahisi ndio unaofuata mkondo wa nyuzi, na mkunjo ukifuata mkondo huo hautapasuka rangi. Mstari wa mkunjo utangulizwe kwa kitu butu, kama kalamu ya wino iliyokwisha au sindano ya kufumia.

Sasa niseme juu ya kadi inayosimamisha kitu inapofunguliwa, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hukata tamaa bila sababu. Njia nyepesi kuliko zote ni kukata mistari miwili sambamba kuanzia kwenye mkunjo, kisha kukisukuma kipande kilicho baina yake kiingie ndani ya kadi. Kadi ikifunguliwa, kipande hicho husimama kama kiti kidogo, na juu ya kiti hicho unabandika chochote. Mwaka juzi nilitengeneza kadi ya kumshukuru mzee mmoja mrina asali, nikaweka mti wa miombo wenye mzinga wa gogo uliolazwa kwenye tawi, na kadi ilipofunguliwa mti ulisimama wima. Lakini ilipofungwa, ncha ya mti ilichungulia nje ya ukingo kama mkia wa panya. Kosa langu lilikuwa la hesabu. Kadi inapofungwa, kiti hulala na kufika mbali mara mbili ya urefu wa mkato. Kwa hiyo, kama ukurasa una upana wa milimita 105 kutoka kwenye mkunjo, mkato lazima uwe chini ya milimita 52, na picha inayobandikwa juu ya kiti lazima nayo ihesabiwe. Pale ambapo kipande kinabandikwa kando kwa umbali usiolingana katika kurasa mbili, unajumlisha umbali wa upande mmoja na wa upande wa pili, na jumla hiyo ndiyo isiyotakiwa kuzidi upana wa ukurasa. Ukishaijua kanuni hii, unaweza kubuni nyumba, ngazi, mashua ya Ujiji au treni ya reli ya kati bila kubahatisha.

Gurudumu linalozunguka nyuma ya dirisha dogo nitalipitia haraka. Duara mbili, kitundu katikati, na waya mwembamba au uzi uliofungwa kwenye kifungo cha shati kila upande. Hakuna siri zaidi ya kuhakikisha kwamba kitundu kiko katikati hasa. Mjerumani Lothar Meggendorfer, aliyetengeneza vitabu vya picha zinazotembea mwishoni mwa karne ya 19, aliunganisha viungo vya picha zake kwa misokoto midogo ya waya mwembamba wa shaba, kiasi kwamba kuvuta ulimi mmoja tu wa karatasi kuliwafanya watu wa kwenye ukurasa watikise mikono na vichwa kwa pamoja. Kinyume chake, kadi ya Krismasi inayohesabiwa kuwa ya kwanza kuuzwa, ile iliyotolewa na Henry Cole jijini London mwaka 1843 kwa mchoro wa John Callcott Horsley, ilikuwa karatasi tambarare, ya kutazamwa tu.

Nije kwenye mihuri. Ile ya ofisini ya mpira tunaijua, na asili yake inarudi nyuma hadi ugunduzi wa Charles Goodyear wa mwaka 1839, wa kuupika mpira pamoja na salfa ili usinate wakati wa joto wala usipasuke wakati wa baridi. Lakini kwa kadi zetu hatuhitaji kuagiza muhuri popote. Raba ya kufutia penseli hukatika vizuri kwa wembe, na soli ya ndala kuukuu, ikioshwa na kubandikwa kwenye kibao, hutoa muhuri mpana wa kutosha mti au mwezi mwandamo. Kiazi nacho kinafaa kwa maumbo makubwa ya siku moja, ila kikaushwe kwa kitambaa kwanza, la sivyo maji yake yataufifisha wino.

Jambo linalowatatiza wachongaji wapya ni kinyume. Unachokiondoa kwa wembe kitabaki cheupe, na maandishi lazima yachongwe yakiwa yamegeuzwa. Chora picha yako kwa penseli laini kwenye karatasi nyembamba, iinamishe kifudifudi juu ya raba, na usugue mgongo wake kwa ukucha. Picha itahamia kwenye raba ikiwa imegeuka, na utakapopiga muhuri itarudi sawasawa. Mji huu una historia yake ya kuchonga kinyume. Mwaka 1916, Wajerumani walipokuwa wamezingirwa na vita, walitengeneza hapa Tabora sarafu za dhahabu za rupia 15, zaidi ya 16,000, zenye picha ya tembo. Tembo yule ilibidi kwanza achongwe ndani ya chuma cha kugongea sarafu akiwa amegeuzwa. Tofauti ni kwamba kwenye chuma hicho kilichochimbwa ndicho kinachotokeza, ilhali kwenye muhuri wetu kilichoachwa ndicho kinachochapa.

Wino ndio uliowahi kuniaibisha, na kwa hiyo nitauzungumzia kwa kirefu kidogo. Kwa matumizi yetu kuna wino wa aina mbili kubwa. Wa kwanza una rangi iliyoyeyuka kabisa ndani ya maji. Huu hupenya kwenye nyuzi za karatasi, hukauka upesi, lakini hupauka ukikaa juani. Wa pili una chembe za rangi zinazoelea bila kuyeyuka. Huu hukaa juu ya karatasi, una rangi nzito inayodumu, lakini hukauka polepole. Nilipoombwa kadi 60 za harusi ya binti wa jirani, nilichagua karatasi inayong'aa kwa sababu ilipendeza machoni, nikatumia wino wa chembe wa rangi ya dhahabu, nikazipanga kadi moja juu ya nyingine usiku na kwenda kulala. Asubuhi kila kadi ilikuwa na maua mawili: lake mbele na la jirani yake mgongoni. Karatasi ile ilikuwa haina nyuzi wazi za kuunywa wino, na wino wa chembe bila kunywewa hubaki mbichi. Nilizirudia zote kwa manila ya kawaida.

Wino huohuo unaochelewa kukauka una faida yake. Ukiunyunyizia unga laini wa plastiki uliotengenezwa kwa kazi hii ukiwa bado mbichi, kisha ukakung'uta uliozidi na kuupasha moto, unga huyeyuka na kuacha mstari ulioinuka, unaong'aa na unaohisika kwa kidole. Mashine ya kukaushia nywele haifai, kwa kuwa hupuliza unga kabla haujayeyuka, na joto lake kwa kawaida halitoshi. Mimi huigeuza pasi ya umeme uso juu, mtu mwingine akiishikilia imara, na kuupitisha mgongo wa karatasi juu yake bila kugusa. Watoto wakae mbali na hatua hii.

Kwa anayetaka kupaka rangi za maji ndani ya mistari ya muhuri, ajaribu kwanza: apige muhuri kwenye kipande, angoje dakika kumi, apitishe kidole chenye maji. Mstari ukitambaa, wino huo si wa kazi hiyo. Pedi za wino, hasa katika miezi yetu mikavu ya kiangazi, zihifadhiwe zimefungwa na kugeuzwa kichwa chini ili wino ushukie upande wa kupigia.

Kuna pia nta, ambayo Tabora hatuna haki ya kulalamika kuwa haipatikani. Ukichora kwa kipande cha nta ya nyuki kwenye karatasi nyeupe, mchoro hauonekani. Ukipitisha juu yake wino wa maji kwa sponji, nta hukataa maji na mchoro hujitokeza mweupe. Hebu fikirieni kadi inayomfikia mtu ikiwa tupu, pamoja na kipande cha sponji na maelekezo ya kuilowesha kwa chai ya rangi. Hicho ni kitendawili ambacho anayepokea anakitegua kwa kikombe chake mwenyewe.

Mwisho ni zile kadi zenye dirisha la nailoni ngumu na vitu vinavyochezacheza ndani. Kuta zake ziwe za vipande vya sponji nyembamba, na ndani tia shanga ndogo au ulezi. Ulezi ukaangwe kidogo kikaangoni na kupozwa kabla ya kuwekwa, kwani nafaka mbichi ndani ya kadi huzaa wadudu, na mpokeaji hakualika wageni hao. Kadi kama hizi ni nene, na zikipitia posta ni vizuri ziwekwe baina ya vipande viwili vya boksi ndani ya bahasha kubwa. Vinginevyo, mpelekee mwenyewe, na usiondoke kabla hajavuta.

Kwenye meza ya kulia nimeweka raba, nyembe zilizofungwa vitambaa upande mmoja na penseli laini, na manila imekwisha kukatwa kwa kipimo cha A5. Wale wenye watoto wadogo wakae upande wa dirishani, mbali na pasi. Tutaanza na yai.