Pima Sensa Kabla ya Kujaza Gesi

Mafundi wenzangu, nashukuru kwa nafasi hii. Wengi mmeshanisikia nikilisema jambo hili, kwamba AC ya gari ikisumbua upime sensa kabla ya kujaza gesi, na nitaendelea kulisema mpaka nione mita ya kupimia umeme inatoka kwenye boksi la vifaa kabla ya mtungi wa gesi. Sitaeleza kompresa inafanya nini wala kondensa inakaa wapi. Asiyejua hayo asingefunga safari kuja hapa. Nakwenda moja kwa moja kwenye nyaya mbili.

Sensa ya joto ya evaporeta, kile kipoza hewa kilicho nyuma ya dashibodi, ina nyaya mbili tu. Ndani yake mna kipande kidogo ambacho ukinzani wake hushuka joto linapopanda na hupanda baridi inapozidi. Kwenye Toyota nyingi zinazoingia gereji zetu, nyuzi 25 utasoma ukinzani wa karibu omu 1,500, na kwenye nyuzi sifuri utakaribia omu 5,000. Kompyuta ya AC inapeleka volti 5, inaangalia zimebaki ngapi, na kwa hesabu hiyo inajua evaporeta ina baridi kiasi gani. Evaporeta ikikaribia kuganda, inakata klachi inayoiunga kompresa na injini, na upozaji unasimama. Joto likirudi kidogo, inaiunga tena. Kazi ya sensa hiyo ni kuzuia barafu.

Sasa nataka tukae hapa kidogo, maana hapa ndipo wateja wanapolia.

Kuna mama mmoja mfanyabiashara, ana Toyota Harrier, barabara ya Morogoro ndiyo ofisi yake. Malalamiko yake yalikuwa haya: akitoka Dar asubuhi AC inapuliza vizuri kabisa. Akikaribia Chalinze upepo unapungua. Feni anaisikia inanguruma, lakini akiweka mkono kwenye matundu hakuna kitu. Anafika Morogoro anaingia gereji. Fundi anafunga geji ya presha, anaona presha ya upande mdogo, ule unaotoka kwenye evaporeta, iko chini, anamwambia, "Mama, gesi imeisha." Anajaza. Mama analipa, anawasha gari, upepo mwingi na baridi kali. Anashukuru na kuondoka. Safari inayofuata, Chalinze ile ile, upepo ule ule umekata.

Hebu fikirini kilichotokea. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi. Gari likiwa barabara kuu kompresa inazunguka kwa kasi, na kama haikatwi kwa wakati, unyevu unaganda kwenye mapezi ya evaporeta, vile vibati vyake vyembamba, mpaka upepo unakosa pa kupita. Upepo usipopita, gesi iliyo ndani ya evaporeta haipati joto la kuichemsha, na presha ya upande mdogo inashuka. Kwa hiyo geji ilisema kweli. Aliyeisoma ndiye aliyekimbilia jibu. Wakati anatafuta mtungi na kupatana bei, gari limezimwa, barafu imeyeyuka na maji yamemwagika chini ya gari. Kilichorudisha upepo ni kule kusimama. Gesi ikapewa sifa isiyo yake, na kila mtu akaridhika isipokuwa kompresa, ambayo sasa ilibeba gesi ya ziada na presha kubwa juu ya uwezo wake. Gari lilipofika kwangu kompresa ilikuwa imeshaanza kulia.

Mtaniuliza, je, sensa ilikuwa imekufa? Hapana. Nilipoitoa na kuitumbukiza kwenye maji ya barafu ilisoma inavyotakiwa. Ila haikuwa mahali pake. Evaporeta iliwahi kutolewa ikaoshwa, na aliyeirudisha akaiacha sensa ikining'inia kwenye kona ya boksi badala ya kuibana katikati ya mapezi. Ikawa inapima hewa ya kona, yenye joto zaidi ya mapezi yenyewe, na kompyuta ikaamini. Ni sawa na kumpima mgonjwa homa kwa kuweka kipimajoto kwenye shuka lake.

Ndiyo maana nakereka nikisikia, "Si ubadilishe tu sensa, ni bei rahisi." Ungeibadilisha ukaining'iniza pale pale, barafu ingekuja vile vile. Na kuna magari ambayo kuifikia ni kufungua nusu ya dashibodi. Utamfungulia mteja dashibodi kwa kubahatisha? Soma kwanza. Ukitoa sensa, weka alama ilikobanwa, na ukirudisha, irudi hapo hapo kwa kina kile kile.

Najua kuna aliyekaa pale nyuma anasema moyoni, mimi sina mashine ya kusoma kompyuta. Sikiliza basi. Unahitaji mita, glasi, barafu na kipimajoto. Chomoa soketi, kwa sababu omu hazipimwi kwenye sakiti yenye umeme. Ponda barafu, ongeza maji kidogo, koroga, tumbukiza ncha ya sensa peke yake, soketi ibaki kavu. Subiri namba itulie. Kisha itoe, ishike kwa vidole, tazama omu zinavyoshuka. Zinatakiwa kushuka taratibu, bila kuruka. Zikiruka, sensa ina ufa ndani, hata kama kwenye barafu ilikuwa sawa. Zikiwa chini ya kipimo kwenye barafu, sensa inaiambia kompyuta kwamba kuna joto wakati kuna baridi, na hiyo itagandisha gari mchana kweupe. Mita ikionyesha waya umekatika, shida inageuka: kompyuta inaona evaporeta imeganda kupita kiasi, kompresa haiwaki kabisa, na hapo ndipo mtu anaanza kuuza kompresa mpya.

Kabla ya kuilaumu sensa, pima na upande wa gari. Washa swichi, soketi ikiwa imechomolewa, utafute zile volti 5. Hazipo? Basi ugonjwa uko kwenye waya au kompyuta, na sensa mpya haitakusaidia. Mwenye mashine afanye zaidi: ukichomoa, joto linaloonyeshwa lianguke chini kabisa ya sifuri. Ukiunganisha tundu mbili za soketi upande wa gari kwa kipande cha waya, lipande juu kabisa. Likifanya hivyo, waya na kompyuta ni vizima.

Naona naonyeshwa saa. Sensa ya joto la nje, kwa haraka. Inakaa mbele, nyuma ya bampa. Gari likigongwa kidogo, bampa inanyooshwa, inapakwa rangi, soketi inasahauliwa. Kompyuta inaona nje kuna baridi kali, na magari mengi hapo hukataza kompresa isiwake. Dar es Salaam, Januari, dashibodi inaandika chini ya sifuri, na bado mtu anafungua kompresa! Tazama dashibodi, ndugu yangu. Sensa ya joto la ndani ya gari iko nyuma ya kitundu kidogo cha dashibodi. Safisha vumbi kabla ya kuihukumu.

Kwenye Toyota nyingi zenye AC ya kujiendesha, bonyeza AUTO pamoja na kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani, huku ukiwasha swichi, AC ijipime yenyewe na kuonyesha namba za hitilafu. Namba 11 ni sensa ya ndani, 12 ya nje, 13 ya evaporeta, 21 ya jua. Hiyo 21 itatokea hata kwa sensa nzima ukipimia ndani ya banda lenye giza. Toa gari juani upime upya, usiagize kitu.

La mwisho, gesi yenyewe. R134a, gesi ya AC za magari mengi, hupasha dunia mara 1,430 kuliko kaboni dioksidi ya uzito ule ule, kwa hesabu ya miaka 100. Mwaka 2016, hapo Kigali, nchi zilikubaliana kuzipunguza gesi za jamii hiyo. Kwa hiyo ile tabia ya kuifungulia angani ili "tuanze upya" siitaki kuisikia kwa fundi aliyekaa humu. Na kwenye risiti andika ulichosoma: omu ngapi kwenye barafu, omu ngapi kwenye joto la kawaida, volti ngapi kwenye soketi, sensa imebanwa wapi, gesi gramu ngapi kama uliongeza. Atakayelifungua gari hilo Dodoma au Mbeya ajue ulilikuta likoje na ukaliacha likoje.