Unajikinga na nani? Mwanamke mtu mzima na chanjo ya HPV

HALIMA: Karibuni tena barazani. Mimi Halima, niko na dada yangu Rehema. Feni tumeizima kwa ajili ya sauti, kwa hiyo mkisikia mtu anahema, ni joto la Dar tu.

REHEMA: Ni mimi huyo. Anza upesi.

HALIMA: Da' Rehema, wiki iliyopita tulipozima maiki uliniambia ulikwenda kuulizia chanjo ya HPV, kile kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi. Ya kwako, siyo ya binti yako. Wasimulie.

REHEMA: Wee, si yalikuwa ya pembeni yale? Haya. Binti yangu alichanjwa shuleni. Akarudi bega linamuuma, ananiuliza, "Mama, na wewe ulichomwa?" Nikakosa jibu. Enzi zetu haikuwepo. Hapa Tanzania imeanza kutolewa nchi nzima Aprili 2018, wakianza na wasichana wa miaka 14, na mimi wakati huo nina watoto wawili. Basi nikajipeleka hospitali moja ya binafsi. Nafika mapokezi nanong'ona. Yule dada wa mapokezi akanijibu kwa sauti ya mnadani: "Chanjo ya HPV? Ya mtoto au ya kwako?" Benchi zima likageuka.

HALIMA: Ukasemaje?

REHEMA: Nikasema ya mtoto.

HALIMA: (anacheka) Jamani!

REHEMA: Mtu mzima wa miaka 38! Nikachukua bei, nikaondoka. Halafu utasikia wanawake hawachanji kwa sababu hawana elimu. Elimu nilikuwa nayo. Lile benchi ndilo lililonishinda.

HALIMA: Kwa sababu imeingia nchini kama chanjo ya wanafunzi. Ukienda wewe na pete yako kidoleni, watu wanaanza kutafuta kulikoni.

REHEMA: Hawatafuti, wanayo tayari. Kirusi kinaambukizwa kwa kujamiiana, basi ukiitaka chanjo una mchepuko. Kuna rafiki yangu alimgusia mumewe wakiwa wanakula. Mume akarudisha tonge sahanini, akamtazama, akamuuliza: "Unajikinga na nani?"

HALIMA: Mmh.

REHEMA: Maliza wali wako sasa kama unaweza. Alinyamaza, na habari ya chanjo ikaishia pale pale.

HALIMA: Na jibu lilikuwepo. HPV inaweza kukaa mwilini miaka na miaka bila dalili. Wengi tunaipata, na mara nyingi mwili wenyewe unaiondoa ndani ya mwaka mmoja au miwili. Ile inayogoma kutoka ndiyo ya kuogopa, na hata hiyo saratani ya mlango wa kizazi huchukua kama miaka 15 hadi 20 kujijenga. Kwa hiyo inaweza kuwa imetoka kwa mtu wa kabla ya ndoa, awe wako au wake. Haina maana mtu kachepuka jana.

REHEMA: Kamweleze hayo mwanamume mwenye tonge mkononi.

HALIMA: (anacheka) Mimi lakini kilichonikwamisha siyo mume, ni kizazi. Nina miaka 29, sijapata mtoto. Shangazi yangu yuko Mombasa, na kila klipu inayompata WhatsApp lazima initue na mimi. Kenya walipoizindua Oktoba 2019, chama cha madaktari Wakatoliki kiliipinga hadharani. Nyuma yake, 2014, maaskofu wa kule walidai chanjo ya pepopunda imetiwa homoni ya kuharibu kizazi. Sasa shangazi ni mtu wa msikitini, hakosi swala, lakini kwa hilo amewaamini maaskofu moja kwa moja!

REHEMA: Kizazi tena! Hapo dini zote zinapatana.

HALIMA: Na ushahidi kwamba chanjo ya HPV inafunga kizazi haupo. Imeanza kutumika duniani 2006. Rwanda wameanza 2011, na wasichana wa wakati ule leo ni wanawake wazima, wanazaa. Ila mimi hayo yote nilikuwa nimeyasoma na bado nasita. Kilichonigeuza ni nesi mmoja. Alivuta kiti, akaniuliza, "Unapanga kubeba mimba lini?" Akaniambia mjamzito hachomwi, na mimba ikiingia katikati ya dozi unasubiri ujifungue, kisha unaendelea. Basi. Hakunicheka, wala hakuniuliza ninalala na nani.

REHEMA: Nesi huyo angekaa mapokezi kule nilikokwenda mimi, leo ningekuwa nimeshachanja.

HALIMA: Na hela je?

REHEMA: Ee, hela. Mabinti wa miaka 9 hadi 14 wanachomwa bure, na tangu 2024 ni sindano moja tu, imekwisha. Sisi tunajilipia. Mimi kule niliambiwa sindano tatu, na moja tu ni hisa zangu za kikoba za miezi mitatu. Baadaye ndiyo nasoma kwamba Shirika la Afya Duniani, tangu 2022, linasema mwanamke wa miaka 21 na kuendelea mbili zinatosha, ukipisha miezi sita. Anayeishi na VVU ndiye anayetakiwa angalau mbili, na ikiwezekana tatu. Kwa hiyo kabla hujatoa pochi, muulize daktari, zangu ni ngapi na kwa nini.

HALIMA: Na tusimuuzie mtu mbuzi kwenye gunia. Chanjo haitibu kirusi ambacho umeshakipata. Marekani waliiruhusu mpaka miaka 45 mwaka 2018, lakini mwaka uliofuata wataalamu wao wakasema kuanzia 27 siyo lazima kila mtu, kaa na daktari wako mpime. Kwa sababu ukishakuwa mtu mzima, huenda wewe na kirusi mmeshakutana.

REHEMA: Huenda mmekutana na aina moja, nyingine bado. Ziko nyingi. Ila mbili tu, ya 16 na ya 18, ndizo zinazosababisha kama asilimia 70 ya saratani hii. Mimi ningekuwa na hela ya jambo moja tu, ningeanza na kupima. Kile kipimo cha siki: nesi anapaka siki kwenye mlango wa kizazi, anasubiri kama dakika moja, anaangalia kama pana weupe. Vituo vingi vya serikali wanacho. Hata ukichanja, kupima kuko pale pale. Na mwenye VVU asichelewe, maana hatari yake ya saratani hii ni kama mara sita ya mwingine.

HALIMA: Mimi sindano yangu ya kwanza ni Jumamosi.

REHEMA: Hongera! Na shemeji umemwambia?

HALIMA: Nimemwambia ni chanjo ya saratani. Hiyo HPV sijaitaja.

REHEMA: Akasemaje?

HALIMA: Akauliza bei, akasema atanichangia nusu.

REHEMA: Unaona! Sindano ile ile. Yule rafiki yangu alianza na kirusi, akaulizwa anajikinga na nani. Wewe umeanza na saratani, umepewa hela.

HALIMA: Utanisindikiza?

REHEMA: Nitakuja. Na mapokezi nitakusemea mimi, kwa sauti ile ile ya mnadani. Halafu nakungojea benchini.

HALIMA: Usikae benchini, uingie na wewe upimwe siki. Mara ya mwisho ilikuwa lini?

REHEMA: Aa...

HALIMA: Da' Rehema?

REHEMA: Nilikwenda nilipojifungua huyu mdogo. Foleni ikawa ndefu, nikasema nitarudi.

HALIMA: Huyu mdogo si yuko darasa la tano?

REHEMA: Halima, zima maiki.