Kimelea Hakizoei Dawa

Ndugu zangu, hili nimelisema kwenye kumbi nyingi za jiji hili la Dar, na leo nalirudia: kimelea cha malaria hakizoei dawa. Simama kidogo kwenye duka la dawa pale Manzese utasikia, "Hiyo usinipe, malaria za siku hizi zimeshaizoea." Hapana! Tuseme mgonjwa ana vimelea 100, na vitano tu ndivyo vyenye jeni ya usugu, yaani chembe ya urithi inayovifanya visiuawe na dawa. Dawa inaua 90 kati ya vile 95 vingine. Vinabaki kumi: vitano vya kawaida, vitano sugu. Usugu umepanda kutoka asilimia 5 hadi 50, na hakuna kimelea hata kimoja kilichojifunza kitu. Kilichobadilika ni uwiano. Mageuko ndiyo hayo: uwiano wa jeni katika jamii ya viumbe kubadilika kizazi hadi kizazi.

Wakubwa wenzangu mnaikumbuka klorokwini, ile dawa ya malaria ya zamani, ule uchungu wake, na usiku kucha unajikuna viganja na nyayo. Sisi Watanzania tuliiacha 2001 kwa sababu ya usugu. Wamalawi walitutangulia, wakaiacha 1993. Kule Blantyre, mji wa Malawi, jeni ya usugu ilikutwa kwenye asilimia 85 ya maambukizi mwaka 1992. Ilipofika 2000, asilimia 13. Kwa nini? Kwa sababu usugu una gharama. Dawa isipokuwepo, kimelea sugu kinazidiwa na vingine katika kuzaliana. Mtaniambia, "Basi vimeisahau dawa." Havikusahau! Uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kuwa vimelea vilivyojaa baadaye ni uzao wa vile vya kawaida vilivyonusurika. Mwingine atasema turudishe klorokwini. Irudishe peke yake uone: vile sugu vilivyobaki vitapanda tena, hesabu ni ileile.

Hardy na Weinberg wa 1908, wenye kanuni ya uwiano wa jeni usiobadilika, nawaruka, mmewasoma kidato cha sita. Nguvu ya bahati, inayoweza kubadili uwiano wa jeni katika jamii ndogo, nayo tuiache, muda umekwisha. Lakini uhamaji siuachi. Jeni ya usugu wa klorokwini iliyosambaa Afrika Mashariki ilitoka Asia ya Kusini-Mashariki, ikasafiri ndani ya damu za watu. Na sasa mkoani Kagera vimeonekana vimelea vyenye mabadiliko ya jeni yanayopunguza kasi ya artemisinini, kiungo kikuu cha dawa mseto. Mabasi ya Bukoba, mkoani humo, yanaingia Mbezi hapa Dar kila siku, jamani! Mtafiti akikuomba tone la damu kidoleni, mpe. Uwiano wa vimelea hivyo tunataka kuuhesabu hapa Dar ungali mdogo, kabla dawa haijaanza kushindwa wodini.