Picha za Kale na Wahusika Waliobaki Nje ya Picha

Ndugu walimu, wageni wetu, na vijana mnaoandika hadithi hapa Bagamoyo,

Nimeombwa nieleze namna picha ya kale inavyoweza kumzaa mhusika wa hadithi, nami nitashika picha moja, kwa kuwa anayepekua nyingi kwa haraka huishia kuziona nyuso tu.

Mwaka 1874 Chuma na Susi, watumishi Waafrika wa David Livingstone, mmisionari na mpelelezi Mskoti, walipigwa picha katika jumba la Newstead Abbey, Uingereza, wakiwa pamoja na watoto wa bwana huyo. Februari ya mwaka huohuo maiti ya Livingstone ilikuwa imefikishwa hapa kwetu na msafara wao uliotembea miezi mingi kutoka kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Mwandishi mwenye pupa atawatazama usoni na kuwabunia huzuni, ilhali kamera za siku hizo zilimtaka mtu atulie tuli, na ule ukavu wa uso huenda ni utii kwa mpiga picha tu. Afadhali aanze na nguo: nani aliwapa, na zilibana wapi?

Hata hivyo, kwa maoni yangu, utajiri wenyewe uko nje ya picha. Halima, aliyekuwa mpishi wa Livingstone, hayumo; wala hawamo wapagazi wenzao. Buni basi mpishi wa msafara na umpe jina jingine, maana huyo sasa ni wako, kisha umhoji: siku nafaka ilipopungua alipika nini, na alikinunua kwa vipande vingapi vya kitambaa cha merikani au shanga za rangi gani? Chungu kilibebwa na nani? Jumbe aliyedai hongo, yaani ushuru wa njia, kabla ya kuwaruhusu kupita alimtazama kwa jicho gani? Kila jibu litakudai njia, soko, mvua na sheria za wenyeji, na hapo ulimwengu wa hadithi utakuwa umeanza kujengeka bila wewe kuchora ramani yoyote.

Mkitumia majina halisi ya Chuma na Susi, mipaka ni mingine kabisa: msiwatie vinywani maneno ambayo msomaji atayachukua kuwa historia.

Kwa zoezi la mchana huu, kila mmoja achague picha ya zamani ya nyumbani kwao, aandike kurasa mbili kuhusu mtu ambaye angepaswa kuwemo na hayumo.